Shoga Yangu "Aliyeolewa China", na Simu Iliyoniacha Bila Lugha

Haya wapendwa, leo naomba nitoe la moyoni, ila majina sitaji. Shoga yangu akisoma atajijua. Mumewe hasomi Kiswahili, na mama zao wote wawili hawana habari na mitandao, kwa hiyo niko salama kidogo.

Wenzangu wa Tunduma mnakumbuka zile picha za harusi zilizozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka michache iliyopita. Binti wa kwetu kasimama kando ya bwana mweupe mwenye miwani, wote wamevaa nyekundu. Maneno yaliyosemwa siku zile! Kaolewa na Mchina tajiri. Anaishi ghorofa ya themanini. Kuna waliomhesabia mpaka magari. Mimi niliyelala naye chumba kimoja Mpemba miaka miwili nilikaa kimya, na watu wakadhani namtunzia siri. Siri gani? Hata mimi niliamini ghorofa lipo.

Mimi ni msusi. Nina fremu moja tu, si mbali na mpaka, na wateja wangu nusu wanatoka Nakonde. Nikisimama mlangoni naona foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na jioni nikifunga hesabu nina shilingi mfuko huu na kwacha mfuko ule. Maisha yangu ni hayo. Sasa mwaka jana shoga yangu akiwa na mimba ya pili akanitumia ujumbe wa sauti, analia: "Dada, ile ya kwanza nilizaa peke yangu. Hakuna wa kunisuka, hakuna wa kunikanda. Njoo hata mwezi mmoja." Nauli alilipa mumewe. Kuhusu viza nitawasimulia siku nyingine, ile ni filamu inayojitegemea. Kwa kifupi, Januari nikapanda ndege Dar, nikapita Dubai, nikashuka uwanja wa Taoyuan, kisiwani Taiwan, na masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo zangu. La pili lilikuwa na uzi, rasta, dagaa, na unga wa ulezi.

Kutoka uwanja wa ndege gari halikwenda mjini. Lilikwenda pembeni, kuelekea baharini. Nasubiri maghorofa, naona mashamba ya mpunga yaliyovunwa yamelala, halafu bwawa, halafu mashamba, halafu bwawa jingine. Mkoa ule una maelfu ya mabwawa yaliyochimbwa na wakulima wa zamani kwa ajili ya kumwagilia mpunga. Nyumba ni za matofali, moja hapa, nyingine kule. Bata bukini wamechomwa na kuning'inizwa vichwa chini kwenye vibanda vya barabarani, maana wilaya ile inasifika kwa nyama yao. Na upepo, jamani! Januari upepo unatoka kaskazini-mashariki juu ya bahari na haupumziki. Ndiyo maana ufukweni wamepanda mivinje mistari na mistari, ile ile mivinje mnayoiona Dar ufukweni, nayo yote imeinama upande mmoja kama wazee wanaosikiliza.

Nikamgeukia shoga: "Sasa hii si Kamsamba?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kwao ni huko, wilaya ya Momba, bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, mpunga na joto. Mtoto wa bonde kavuka bahari kwenda kuolewa kwenye mpunga.

Wilaya yenyewe inaitwa Xinwu. Nitamwacha kidogo shoga yangu akiwa ndani ya gari niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kilichonipata.

Sisi huku tukimwona mtu mwenye sura ile tunasema Mchina, basi, tumemaliza. Kumbe kule nako kuna kabila na kabila. Wenyeji wengi wa Xinwu ni Wahakka. Mababu zao, kama wanavyosimulia wenyewe, walihama kutoka kaskazini ya China karne nyingi zilizopita, wakashuka kusini kidogo kidogo mpaka Guangdong na Fujian, na baadaye wengine wakavuka mlango wa bahari kuja Taiwan. Kila walipofika walikuta wenyeji wameshatangulia. Wakaitwa wageni. Na jina lenyewe Hakka maana yake ni hiyo hiyo: watu wa nyumba za wageni. Leo karibu mtu mmoja kati ya watano pale kisiwani anajihesabu Mhakka, na bado wanajiita wageni, bila kinyongo. Wengi wao wako vilimani, kwa sababu tambarare nzuri za pwani zilishashikwa na waliotokea Fujian. Hawa wa Xinwu ni wale wachache waliokaa uso kwa uso na bahari. Wana bandari yao ya uvuvi, Yong'an, inayosifiwa kuwa ndiyo bandari ya Wahakka. Na kuna mitego ya zamani ya kuta za mawe iliyopangwa kwa mkono baharini, nusu mviringo: maji yakijaa samaki wanaingia, yakitoka samaki wanabaki. Pwani yetu wanasimika wando wa fito, wale wakapanga mawe. Akili ni moja.

Hata jina Xinwu lina stori. Maana yake ni nyumba mpya. Ilijengwa na ukoo mmoja wenye majina mawili yaliyounganishwa, Fan na Jiang. Babu yao mmoja baba yake alikuwa Fan, akalelewa na baba wa kambo aliyekuwa Jiang, na hakutaka kumtupa hata mmoja, basi watoto wake akawapa yote mawili. Ukoo huo upo mpaka leo na majina yake mawili. Hili liwekeni pembeni, nitalirudia.

Basi tukafika nyumbani. Mlangoni kasimama mama mkwe, mfupi, mkavu, kama miaka sabini hivi, buti za mpira miguuni, ametoka kwenye bustani ya mboga. Nikapiga goti kidogo kwa mazoea. Akaniangalia. Akasema kitu. Shoga akatafsiri: "Anauliza umekula ukashiba?" Hiyo ndiyo salamu yao. Nikajua hapa nitaishi.

Tatizo lilianza siku mtoto alipozaliwa. Binti, mzima, nywele kama katiwa wino. Kumbe Wahakka nao wana arobaini yao, ila ni siku thelathini. Mzazi hatoki nje. Hagusi maji baridi. Anakula kuku aliyepikwa kwa tangawizi na pombe ya mchele asubuhi, mchana na usiku, nyumba nzima inanukia kama kilabu. Mpaka hapo sikuwa na neno. Kwetu ni mtori na uji wa pilipili manga, kwao kuku wa pombe, kila mtu na joto lake. Lakini kuna sharti moja: mzazi haoshi nywele mwezi mzima. Wala halowanishwi mwili. Wanasema upepo utaingia kwenye mifupa na atauona uzeeni.

Sasa mimi nimevuka bahari kwa kazi mbili, kusuka na kukanda. Zote mbili zina maji.

La kusuka tulilimaliza kiutu uzima. Nikamsuka nywele kavu, twende kilioni, ile ya uchungu wa utotoni, kwa sababu nilitaka zikae mwezi bila kufumuka. Mama mkwe alivuta kigoda akakaa nyuma yangu anaangalia vidole kwa saa nzima. Nilipomaliza akanigusa bega na kutikisa kichwa, nikaelewa nimefaulu mtihani.

La kukanda halikuisha. Nimechemsha maji, nina taulo, mama mkwe kasimama mlangoni mwa bafu kama askari wa mpakani. Shoga kalala anaugulia. Mume, maskini, anaangalia viatu vyake. Nikasema basi, tupige simu nyumbani.

Kabla ya simu niwaambie kitu kuhusu huyu mama. Shoga alinisimulia kwamba mwaka wa kwanza waliishi kama bubu na kiziwi. Yeye alikuwa amejifunza Kimandarini, Kichina cha serikali, kwa simu na kwa mume, anajitahidi mpaka usiku. Mama mkwe anakijua vizuri, alikisoma shule, lakini akisemeshwa jikoni hajibu. Shoga akadhani ni rangi yake. Alilia sana. Siku moja wifi yake akamfungukia. Mama huyu alisoma miaka ambayo mtoto akisikika anaongea lugha ya kwao darasani anatozwa faini, au anavishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Alivishwa. Alipoolewa akaapa kwamba nje ataongea wanachotaka wao, lakini kwenye sufuria zake ni Kihakka.

Shoga yangu akaacha Kimandarini jikoni. Akaanza na chumvi, moto, kisu, njoo, kaa, umeshiba. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anagombana na mama mkwe kwa Kihakka, na mtu ukishaweza kugombana lugha umeipata. Sasa anaongea kuliko watoto wa shemeji zake. Hilo wanalikubali wenyewe, kwa uchungu fulani. Maana Wahakka walipigania lugha yao kweli kweli. Tarehe 28 Desemba 1988 waliandamana Taipei wakidai warudishiwe lugha ya mama. Mwaka 2003 wakapata stesheni yao ya televisheni, na mwaka 2019 ikatoka sheria inayozihesabu lugha za wenyeji wa kisiwa, ikiwemo yao, kuwa lugha za taifa. Heshima zote wamepata. Lakini ukikaa sebuleni, bibi anauliza kwa Kihakka, mjukuu anajibu kwa Kimandarini huku macho yako kwenye simu. Hata yule mume anaelewa kila kitu, ila kujibu ni shughuli.

Niliposikia habari ya kibao shingoni nilinyamaza. Mimi nimekivaa. Sekondari niliyosoma, siitaji, kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, anavishwa anayeongea Kiswahili badala ya Kiingereza. Kinyamwanga hakikuhitaji kibao. Ukikosea tu ukatoa neno moja, au lafudhi ikakuponyoka, darasa zima linacheka, na kicheko kina nguvu kuliko ubao. Mama yangu aliliona hilo mapema. Yeye na baba wote ni Wanyamwanga, sokoni anabishana na wanawake wa Nakonde kwa Kinyamwanga toka asubuhi, maana mpaka ulikatwa katikati ya kabila moja na nusu ya ndugu zetu ni Wazambia. Akifika nyumbani anafunga. Kwetu sisi watoto ni Kiswahili tu, ili tusije tukachekwa. Simlaumu. Na Kiswahili sikijutii hata kidogo, kimenilisha, kimenipa wateja, kimenipa hata ninyi mnaonisoma.

Lakini nilipofika Dar nikiulizwa kwetu wapi nilikuwa nasema Mbeya. Baada ya 2016 mkoa wa Songwe ulipozaliwa bado nikasema Mbeya. Kuna staa mmoja mnampenda sana, naye ni wa huku huku, akihojiwa anasema Mbeya mjini. Huwa namcheka. Namcheka mimi!

Haya, simu. Saa mbili usiku kule, huku saa tisa alasiri. Mama yake shoga ana kitochi, hivyo alikaa kwenye simu ya mjukuu wake, chini ya mwembe, picha inakwama inaachia. Upande wetu shoga kalala na mtoto kifuani, mama mkwe kaketi ukingoni mwa kitanda na buti zake, mimi nimeshika simu.

Mama akaanza kuongea. Kinyamwanga. Shoga yangu alilelewa bondeni mpaka darasa la saba, kwa hiyo kwake hakuna shida. Akasikiliza, akamgeukia mama mkwe, akatoa Kihakka. Mama mkwe akajibu, maneno mengi, mkono unapiga goti. Shoga akarudisha Kinyamwanga. Mama kule akaguna mguno ule wa kwetu, akajibu. Kikaenda, kikarudi. Hakuna Kiswahili katikati, hakuna Kiingereza, hakuna Kimandarini. Mume alikuwa mlangoni, anashika nusu. Mimi nimeshika simu na sishiki kitu. Lugha mbili kubwa ninazo kichwani, moja nimeivalia kibao, na hapo ndani hazikununua hata kibiriti.

Kuna wakati wale mama wawili walicheka kwa pamoja. Kabla hata shoga hajatafsiri. Mpaka leo sijui walicheka nini, nilimuuliza shoga akasema "aah, mambo ya wazee."

Makubaliano yakawa hivi: mzazi hataoga, ila nitachemsha maji mazito ya tangawizi, nitachovya taulo, nitalikamua mpaka likauke, ndipo nimkande, na dirisha lifungwe. Mama mkwe akakubali kwa sababu tangawizi ni dawa yao pia. Mama wa Kamsamba akakubali kwa sababu mwanawe atakandwa. Nilimkanda usiku ule ule, na bibi wa Kihakka ndiye aliyekuwa ananikamulia taulo.

Halafu likaja jina. Mnaojua Wanyamwanga mnajua: mwanamume ni Si, mwanamke ni Na. Sasa mtoto huyu baba yake hana Si, atakuwa Na-nani? Shoga akawaeleza habari ya Fan na Jiang, kwamba kwao pia kuna watu waliokataa kutupa upande mmoja. Mama akakaa kimya kidogo, picha ikakwama, tukadhani bando limekwisha. Ilipoachia akatamka jina la bibi mzaa bibi. Lile neno ndilo pekee nililolikamata katika simu nzima, kwa sababu linaanza na Na. Na mimi ninalo la kwangu. Kwenye vyeti vyote limo la baba, lenye Si, kama mwanamume. Lile la Na aliyekuwa akiniita ni bibi peke yake, na bibi tulimzika.

Mama mkwe akalijaribu lile jina mara tatu mpaka likakaa.

Ndipo mama akaomba anione. Nikageuza simu, nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza kitu kwa Kinyamwanga, kirefu, anatabasamu, anasubiri. Nikatabasamu na mimi. Akarudia taratibu. Nikatabasamu tena, mashavu yananiuma. Basi akabadilisha. "Marahaba mwanangu. Nasema hivi, huko baridi haikusumbui?" Kiswahili kizuri, cha polepole, neno moja moja, kile wazee wetu wanachotumia kwa mwalimu aliyehamishiwa kijijini au bwana shamba. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamkarimu mgeni.

Nilimjibu kwamba baridi ipo lakini tunavumilia. Nikarudisha simu, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Mwezi ulipoisha mama mkwe alinifungia mzigo wa mama wa Kamsamba: figili zilizokaushwa na chumvi, majani ya chai, na fulana ya kichanga iliyoshonwa kwa mkono. Niliupeleka mwenyewe. Nilimkuta mama anaanika mpunga. Alizinusa zile figili muda mrefu, akaniambia watu hawa wanajua njaa, maana anayekausha hivi ameiona. Nikalala kwake siku mbili.

Nikirudi Tunduma nilimuomba mama yangu aniite lile jina la bibi. Alicheka kwanza, akadhani nimerogwa Taiwan. Halafu akaniita. Nikamwambia pia anifundishe salamu, tumeanza jikoni, kama shoga: chumvi, moto, kisu, kaa. Ananisahihisha kama mtoto wa chekechea, na kuna sauti moja inanishinda mpaka leo, ananiambia niiachie puani.

Juzi mama mkubwa kaja saluni kutoka Nakonde, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Nikamsalimia kwa Kinyamwanga, sentensi nzima, sikukata. Akaacha kukaa, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili kama nimekunywa. Wateja wakaangua kicheko. Nikarudia. Basi akakaa, akavua kitambaa, akaanza kunijibu kwa Kinyamwanga, na akaendelea nusu saa nzima mimi nikiwa namfumua, na baada ya neno la kwanza sikuelewa hata moja.